Mabiringanya Niliyoyakana Sokoni Kikula

Yumba mwanangu,

Umekwenda na mama yako kumuaga shangazi yako, na mimi nimesema kichwa kinaniuma ili nibaki nyumbani. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Ninaanza kwa kukuungamia uongo huo mdogo, maana barua yote ni ya mambo ya aina hiyo, na afadhali unijue mapema. Nimeivuta meza ya jikoni hadi mlangoni nipate mwanga. Jua bado lipo juu ya ukuta wa jirani, na nyinyi wawili mkifika kwa shangazi hamrudi upesi, kwa hiyo nina muda.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango kwa ufunguo, wala za wavulana wa Lubumbashi. Mama yako amekwisha kukuambia hayo yote, mengine mara tatu, na la wavulana mara nne. Utanicheka pia kwa Kiswahili hiki cha parokia, lakini ndicho tulichofundishwa kuandikia, na nikiandika tunavyosema nyumbani nitaanza kufanya mzaha, kisha nitakimbia.

Neno langu ni moja. Nimelikalia tangu ulipokuwa na miaka kumi na miwili, na jana nimeliongezea lingine la kufanana nalo. Kesho asubuhi, pale kituo cha basi, utamkuta mzee mwenye daftari la abiria. Anaitwa Papa Kabwe. Jina lako lipo tayari katika daftari lake, na pembeni ya jina lako ameandika kwamba wewe ni mtoto wa jirani yangu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili kuona kama inaweza kuandikwa vizuri zaidi, na haiwezi. Kesho nataka kumwambia afute, mbele yako na mbele ya watu watakaokuwapo. Sijui kama nitaweza. Nitakueleza ilikuwaje mpaka baba mzima akafika hapo.

Kabwe nilifanya naye kazi. Kiwandani nilikuwa mkuu wa watu sita waliotengeneza pampu, na yeye alikuwa mmoja wao, fundi mzuri, mwenye mikono mipana na mdomo usiofunga. Wote waliniita chef. Wewe ulikuwa mdogo, hukunisikia nikiitwa hivyo kazini, lakini lilikuwa jina tamu. Mtu akiitwa chef kila asubuhi kwa miaka, mwishowe anadhani amezaliwa nalo. Kabwe alihama mapema, akapata nafasi katika kiwanda kingine nje ya mji, na siku ya kuniaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kwa hiyo hakuwapo siku sisi tuliobaki tulipoambiwa turudi nyumbani tungoje kuitwa. Tulingoja. Nyumba ya kampuni ikachukuliwa, tukaja hapa Kikula, kwenye lupango hili, kiwanja na nyumba yake, ambalo mama yako alirithi kwa wazazi wake, na hakuna aliyetuita mpaka leo.

Sasa sikia ujinga wangu. Watu wa hapa hawakujua lolote. Siku tuliyohamia nilikuwa nimevaa ovaroli yangu ya buluu, kwa sababu sikutaka kuchafua nguo nyingine kwa kubeba vyombo, na mtu mmoja aliyekuwa anapita akasema, "Jambo, chef." Basi, ikawa imekwisha. Kuanzia hapo, kila asubuhi, saa ileile ya kazi, nilivaa ovaroli, nikashika kofia ngumu na kopo la chakula alilonifungia mama yako, nikatoka kwa mlango wa mbele. Nilisalimia kila mtu. Nilipanda mpaka barabara kubwa, nikazunguka nyuma ya nyumba za watu, nikarudi kwa ua wa nyuma, pale palipokuwa na matete ya kusogeza. Mama yako alikohoa mara mbili kama njia ilikuwa nyeupe, na mara moja kama Mama Chantal wa jirani alikuwa anaanika nguo. Jioni nilitoka tena kwa nyuma, nikazunguka, nikarudi kwa mbele na uso wa mtu aliyechoka. Mwanamke yule amenikoholea muda mrefu, na hakuna siku aliyonicheka mbele yako, ingawa tulipokuwa wawili alinicheka vya kutosha.

Ndani ya ua nikawa na siku nzima bila pampu hata moja. Kulikuwa na jembe tu.

Kwetu sisi tuliozaliwa katika nyumba za kampuni, jembe lilikuwa kitu cha mama zetu. Baba yangu aliwahi kuninyang'anya jembe mkononi nikiwa mtoto. "Weye uko mutoto ya mufanyakazi," aliniambia. "Hii kazi achia bale banakosaka mushahara." Mama yangu alikuwa amesimama palepale. Jembe lilikuwa lake, na bukari tuliyosongewa na kula mchana ule ilitokana na mahindi ya shamba lake. Mimi nikakua na maneno ya baba yangu, na yale ambayo mama yangu hakuyasema nimeanza kuyasikia juzijuzi tu, uzeeni.

Mama yako alikuwa na tuta la lengalenga na lingine la matembele. Nikajiambia majani ni ya wanawake, nikachagua biringanya. Ukiniuliza kwa nini, nitakuambia ukweli: lilikuwa zito, linang'aa, linafanana na kitu kilichopakwa rangi kiwandani. Niliona kwamba mwanamume anaweza kusimama karibu na biringanya bila kuona haya. Cheka, ninakuruhusu.

Msimu wa kwanza niliua karibu yote. Mbegu nilizitia ndani ya karai lililotoboka, zikaota vizuri, nami nikahamisha miche mapema mno, ikiwa na majani mawili tu, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonyesha kazi. Kisha nikamimina mavi ya kuku mabichi, na miche mingi ikaungua shingoni. Iliyopona ikanenepa majani mapana kama ya tumbaku, bila ua hata moja. Mama yako alipita, akatazama, akasema, "Chef, aubergine yako iko na afya sana, inakosa tu aubergine." Sikuongea naye mpaka jioni.

Msimu wa pili nilijua kungoja. Mbolea niliiacha ioze pamoja na majani makavu, miche niliihamisha ikiwa na urefu wa kiganja, nikazungushia mashina majivu ya makaa kwa ajili ya wadudu. Ningevuna vizuri. Lakini nyumba ya Mama Chantal ina dirisha linalotazama kwetu, na matete ya ua yalikuwa mafupi, basi nikapanda mahindi. Safu mbili nene, pande zote za mabiringanya, ili nikiinama nisionekane. Mahindi yakanipita kimo. Na biringanya, wewe unalijua kuliko mimi, bila jua si kitu. Yaliyokuwa ndani yakarefuka, membamba, na maua yakifunguka yalianguka.

Wewe ndiye uliyenifuata mle ndani. Ulikuwa umetoka shule, bado una sare, ukasimama unayatazama kwa muda, halafu ukasema, "Papa, aubergine iko nakosa jua."

"Acha mahindi yangu."

"Papa, hii mahindi ni ya kula ao ni ya kukuficha?"

Nilikufukuza ukateke maji. Ulichukua ndoo, na maji uliyoyaleta uliyamwaga mwenyewe, shina kwa shina, polepole, bila kulowesha majani. Hakuna aliyekufundisha hivyo, mimi sikuwa ninajua.

Kosa langu lingine lilikuwa la saa. Mabiringanya yanataka maji asubuhi, jua likiwa bado pole, na mimi asubuhi nilikuwa barabarani ninasalimia watu. Nilipofika kwa nyuma udongo ulikuwa umekwisha kuwa wa moto. Yalikunywa kwa saa za kiwanda, maskini. Baada ya siku kadhaa nikawa ninakuta udongo umelowa kabla sijagusa ndoo, nikadhani ni mama yako. Ilikuwa ni wewe, kabla ya shule. Na upande wa mashariki mahindi yakaanza kupungua, moja leo, lingine keshokutwa, yamevunjwa chini kabisa mahali nisipotazama. Ulikuwa umemwona nyuki jinsi anavyotetemesha ua, ukaanza kuyagonga maua kwa kidole, moja moja. Nilikuona asubuhi moja kupitia matete. Nikarudi nyuma, nikazunguka tena nyumba za watu ili nisikukute, kwa kuwa sikutaka tuongee habari ya mahindi. Safu ile ya mashariki ndiyo peke yake iliyozaa, na ilizaa mpaka nikalazimika kuifunga kwa vijiti isilale.

Kwa hiyo mabiringanya uliyoyapeleka sokoni yalikuwa yako. Nimetaka kuliandika hilo kabla sijafika kwenye siku yenyewe.

Ulikuwa unauza alasiri, baada ya masomo, kwenye kitenge chekundu cha mama yako, karibu na wanawake wa chumvi. Ulipenda kuuza. Ulirudi na habari za soko zima, nani amegombana na nani, nani amejifungua, na mama yako alicheka mpaka chakula kikaungua. Mimi nilipita mbali na soko hilo, na sababu unaijua.

Siku ile nilikuwa katika mzunguko wangu wa jioni, ovaroli mwilini na kofia ngumu mkononi, nikasikia mtu anaita, "Chef! Chef!" Alikuwa Kabwe. Alinikumbatia katikati ya barabara. Akanitazama juu mpaka chini.

"Bado weye iko pale? Ni muzuri, chef. Ni muzuri."

Nikasema bado nipo. Hilo lilitoka bila shida, nilikuwa nimelizoea. Akasema mke wake amemwagiza mboga, twende wote sokoni. Ningeweza kusema nina haraka. Sikusema, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilitaka aendelee kuniita chef hatua chache zaidi, mbele ya watu.

Akasimama kwako. Kati ya wauzaji wote wa soko lile akasimama kwako, kwa sababu mabiringanya yako yalikuwa mazuri kuliko ya wote.

Uliinua uso ukaanza kutabasamu. Kisha ukamwona Kabwe, ukaiona ovaroli, ukanitazama machoni, na tabasamu likarudi ndani. Sikukupa ishara yoyote, naapa. Hukuhitaji ishara. Hapo nikajua kwamba umejifunza uongo wangu vizuri, kwa kuuona tu kila siku, jinsi watoto wengine wanavyojifunza kushona au kupika.

"Mutoto, hii fungu unauzisha namna gani?" Kabwe alikuuliza.

Ulimtajia. Akanigeukia mimi. "Chef, weye unaona namna gani?"

Na mimi, baba yako, nikaokota biringanya moja nikaligeuza mkononi. Nililijua. Nilikuwa nimelikata mimi mwenyewe asubuhi ile kwa kisu, na kikonyo chake kilikuwa bado kibichi. Nikasema, "Eh, mutoto, punguza. Hizi zimeshazeeka."

Uliyatazama mabiringanya, hukunitazama mimi. "Bon, patron," ukasema. "Chukueni tu."

Ukamfungia Kabwe fungu lake. Kisha ukachagua moja zuri la ziada, matabisi, kama wanavyofanya wauzaji wema, ukalinyoosha kwangu badala ya kumpa yeye aliyenunua. Ukaliweka mkononi mwangu. "Ya kwako, patron." Kabwe akacheka, akasema, "Huyu mutoto anajua kazi! Ni mutoto ya nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza anavyouliza mtu anayesifu, na alingoja jibu, akanipa nafasi ya kutosha kabisa.

"Sijue," nikasema. "Batoto ya hapa ni bengi."

Nililibeba lile biringanya mpaka nyumbani, maana sikujua nilitupe wapi. Nikaliweka mezani. Mama yako akauliza, "Hii si ya kwetu?" Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Moja ilibakia, mama." Ukalikata, ukalipika na nyanya na kitunguu, ukanipakulia mimi kwanza na bukari yangu, kama siku zote, ukaketi. Nikala. Yumba, hapo ndipo ninapoona aibu kuliko popote, kuliko hata kule sokoni. Sokoni naweza kusema nilishtukizwa. Mezani nilikuwa na muda wote wa dunia, na wewe ulikuwa umeketi mbele yangu. Nilikula nikamaliza, nikaomba maji ya kunywa.

Hukusema neno siku ile, wala mwaka ule, wala mpaka leo. Ungenipigia kelele ningejua pa kuanzia. Wiki moja baadaye nikatangaza kwamba hutauza tena, masomo yanakungoja. Ulilia siku mbili. Mama yako alidhani ninajali masomo yako, akanisifu mbele ya shangazi. Ukweli ni kwamba niliogopa Kabwe asije akarudi pale. Nilikunyang'anya kitu ulichokipenda ili mimi nitembee bila wasiwasi, na sifa nikazipokea.

Halafu zikaja zile mvua zenye upepo, unazikumbuka, zilizong'oa bati la Mama Chantal. Zililaza mahindi yote. Asubuhi yake Mama Chantal akafungua dirisha, akaniona nimesimama katikati ya mahindi yaliyolala, ovaroli mwilini, jembe mkononi. Tulitazamana.

"Ah, chef," akasema. "Kumbe usine iko hapa kwenu!"

Akakicheka kiwanda changu mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akauliza kama nina miche ya kumgawia, kwa sababu yake imeliwa na wadudu. Nikampa. Akaniuliza majivu ninayaweka wakati gani, nikamweleza, na nilipokuwa ninamweleza niligundua kwamba bado ninapumua. Nilikuwa nimeogopa dirisha lile muda wote ule, na lilipofunguka aibu yake haikufika hata mchana. Ile ya kujificha ninayo bado.

Sikupanda tena mahindi pale. Mabiringanya yakazaa pande zote, na mama yako akaacha kukohoa. Ungedhani nimepona. Mama yako alidhani hivyo, na labda wewe pia. Lakini nilipona kwa Mama Chantal tu. Nikimwona mtu yeyote wa kiwandani upande mmoja wa barabara, ninavuka. Miaka imepita na bado ninavuka.

Wiki iliyopita ulikuwa unajaza fomu za shule ya uuguzi kwenye meza hii ninayoandikia. Ulipotoka kuchota maji nikachungulia. Mahali pa kazi ya baba umeandika, kwa mwandiko wako safi, mfanyakazi wa kiwanda. Hukuniuliza. Una miaka kumi na tisa, unakwenda kujifunza kuhudumia wagonjwa, na bado unanishikia ile ovaroli. Nikajiambia leo nitaongea naye. Ukarudi na ndoo, tukaongea habari ya mvua.

Na jana nikaenda kukukatia tiketi. Kwenye kiti cha plastiki, chini ya mwavuli, alikuwa ameketi Kabwe na daftari magotini. Amezeeka, mikono ni ileile. Akaruka kusimama.

"Chef! Musishangae, minye sasa njo naandikaka majina ya batu ya bus. Kule kazi ilikwisha, nikatafuta ingine."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema kwamba kunanyesha. Watu wa foleni walisikia wote, na hakuteremsha sauti. Nilimwonea wivu, mwanangu. Mtu niliyekuwa mkuu wake, ameketi juu ya kiti kilichopasuka, nami nikatamani niwe yeye.

"Na weye, bado iko pale?"

"Bado," nikasema. Sikuwa hata na ovaroli. Nilikuwa na shati la misa na udongo ndani ya kucha.

"Muzuri, chef. Na ni nani anasafiri?"

Nikawaza haraka. Kabwe hasahau uso. Siku ya safari atakuona, atakukumbuka, na atajua kwamba yule mtoto niliyemwambia apunguze bei alikuwa wangu. Palikuwa na njia mbili, na nikachukua ile ninayoijua. "Mutoto ya voisin," nikasema. "Baba yake hana nafasi." Akaandika. Niliitazama kalamu yake mpaka ikafika mwisho wa mstari. Kisha nikalipa, nikamshukuru, nikarudi nyumbani, na wewe ukaniambia asante kwa tiketi.

Leo asubuhi nilirudi kule ili arekebishe. Nilifika mbele yake. Nikamwuliza basi linaondoka saa ngapi, jambo ambalo limeandikwa kwenye tiketi, akanijibu kwa heshima zote, nikarudi.

Basi imebaki kesho. Tutasimama mbele yake sisi watatu, naye atasoma jina lako na yale maneno ya pembeni, kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Hapo nataka kumwambia: Kabwe, futa, huyu ni binti yangu. Ni yeye uliyenunua kwake siku ile nikiwa nimesimama kando yako, na mabiringanya yale alikuwa ameyahangaikia yeye. Mimi sina kazi kiwandani tangu zamani, ninalima nyuma ya nyumba. Ni maneno machache. Nimeyafanyia mazoezi nikimwagilia, na mbele ya mabiringanya yanatoka vizuri sana.

Lakini mbele ya watu ninajijua. Ndiyo maana sikupi barua hii sasa. Nitaitia ndani ya mfuko wako pamoja na mkate, na nitakuomba usiifungue mpaka basi lipite Luisha. Ningekupa leo, ungenisaidia. Ungetangulia kwa Kabwe, ungemwambia mwenyewe, kwa upole, kwa namna ambayo ingeniacha nimesimama wima. Ungenibebea, kama ulivyobeba mezani, kama ulivyobeba kwenye fomu. Umefanya hivyo tangu ukiwa mtoto na sikuwahi kukuambia asante, kwa sababu kukushukuru kungekuwa kukiri. Asante. Na inatosha, usinibebee tena.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa unajua tayari kilichotokea pale kituoni, na mimi ninayeandika sijui. Kama nilisema, basi haya yote ni ya kuomba msamaha, na unisamehe siku utakapokuwa tayari, hata kama ni baadaye sana. Kama sikusema, kama nilikupandishia mfuko nikakutakia safari njema kama jirani mwema, usinihurumie kwa ajili ya karatasi hii. Kuandika peke yangu mlangoni ni rahisi. Ukasirike, Yumba. Ukasirike sana, uniandikie hivyo, kwa maneno makali unayoyajua, na nitaisoma barua yako kwa sauti mbele ya mama yako.

Ninawasikia barabarani. Mama yako anamsalimia Mama Chantal, na wewe unacheka kitu alichosema. Nakunja karatasi sasa.

Ni mimi, baba yako. Hapa nimeweza kuliandika neno hilo.